Mpishi wa Nyumba ya Jaji

Kusoma Kifaransa najua. Naomba hilo lieleweke mapema, maana hapa mtaani kwetu Kinama kuna watu watakaowaambia vingine. Nilifika darasa la sita, na barua ya Kifaransa naisoma hadi mwisho nikiachwa nikae nayo. Tatizo ni yale maandishi ya chini ya filamu. Hayana adabu. Hujamaliza neno la tatu, yameshaondoka na kuja mengine, na huku juu Waturuki wanaendelea kusema bila kukuonea huruma.

Nilikuwa nayasoma kwa ajili ya mume wangu Twahiru, kwa sababu yeye haoni. Alikuwa fundi wa magari kwa miaka thelathini na moja. Gari likikata kona ya msikiti alikuwa anakutajia ni la nani na lina ugonjwa gani, bila kutoa kichwa chini ya boneti. Halafu ikaja presha ya macho. Ilianzia pembeni kama ukungu, yeye akasema ni moshi wa kazi, na mtu mbishi ukimwambia aende hospitali ni kama umemtukana. Alipokubali kwenda, alikuwa ameshafunga gereji.

Siku ya kuchukua majibu alikuwa kitandani na malaria, nikaenda peke yangu. Daktari alinieleza taratibu, kisha akaniandikia karatasi. Mshipa wa jicho umekufa, pande zote mbili. Hakuna operesheni, hakuna miwani, na dawa ni za kuzuia maumivu tu. Nilirudi nyumbani, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, nikamwambia yote. Akasema alhamdulillah, akageukia ukutani. Hakuuliza tena. Ile karatasi niliiweka kwenye kopo la maziwa tunamotia vitambulisho.

Tangu siku ile macho yake ni mimi. Ni mimi ninayemwambia shati lina doa, nani amepita bila kusalimia, dawa ipi ni ya asubuhi. Hajawahi kumuuliza mtu wa pili. Nikisema shati ni safi, analivaa na kutoka.

Binti yetu Lubna, aliyeolewa Rumonge, alipotuletea televisheni yao ya zamani, nilimcheka. Televisheni ya nini kwa mtu asiyeona? Lakini Twahiru akasema atasikiliza. Nikaenda kwa Fortunat, mwenye kibanda cha filamu karibu na soko, akanijazia flash. Akasema watu wote siku hizi wanaangalia hii, "Nyumba ya Jaji": jaji mzee anauawa ndani ya chumba chake cha vitabu, na komiseri mmoja wa polisi anayechechemea anamtafuta muuaji. Vipande ishirini na sita, maneno Kituruki, maandishi Kifaransa.

Siku ya kwanza nilijitahidi. Wallahi nilijitahidi. Komiseri akasema maneno marefu sana, mimi nikadaka mwanzo tu, maandishi yakakimbia.

"Anasema nini?" Twahiru akauliza.

"Anasema hajui."

"Maneno yote ile, ju ya kusema hajui?"

Nikapandwa na hasira. Mimi nikikasirika mdomo unatangulia na akili inafuata nyuma. Nikasema, "Anasema hajui nani ameua jaji, lakini anajua nani amekula nyama ilibaki jana mu jikoni. Na ule mupishi, angalia vile ameshika kiuno, anamwambia: kama unatafuta nyama, anzia kwa tumbo yako."

Twahiru alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu gereji ifungwe. Nilimtazama akifuta machozi kwenye macho yasiyoona, na nikajua kesho sitasoma tena.

Basi, kila siku baada ya swala ya alasiri tulikaa, nikamsimulia filamu yangu. Watu walikuwa wale wale wa kwenye kioo, ila maneno niliwapa mimi. Mpishi, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha maua kichwani, nilimpa jina la shangazi yangu marehemu, Khadidja, na ulimi wake nao nikampa. Nikamfanya dada wa komiseri waliyepoteana utotoni. Dereva wa jaji nilimwoza. Usiku kabla ya kulala Twahiru alikuwa ananiuliza, "Unafikiri Khadidja atamwambia komiseri?" nami nasema tungoje kesho, na ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa sijui.

Kwenye kipande cha tisa Khadidja alikufa. Hapo siwezi kuyalaumu maandishi kwa kukimbia. Jeneza nalijua bila Kifaransa. Nilimwona amelala sakafuni, kikombe pembeni, kisha nikaona watu wamebeba. Twahiru akaniuliza mbona kimya. Ningefanyaje? Shangazi yangu nilishamzika mara moja. Nikamwambia Khadidja amezirai kwa sababu alifunga bila kula daku, na sasa amepelekwa kwa dada yake akapumzike. Toka hapo akawa anatuma barua za kumshauri komiseri. Kila komiseri alipofungua karatasi yoyote, Twahiru alisogea mbele kwenye kiti. "Ni ya Khadidja?" Nami nasema ndiyo.

Tulifika hivyo hadi Jumapili ya kipande cha mwisho. Asubuhi, akinywa chai yake, akaniambia, "Nimealika Mirindi na Dorothée. Watakuja kuangalia mwisho na sisi."

Mirindi na mkewe Dorothée ni majirani zetu wa ua wa pili, watu wa Uvira waliokimbilia hapa miaka mingi iliyopita. Dorothée anauza vitenge. Na Mirindi, kule kwao, alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Kati ya watu wote wa Kinama, mume wangu alikuwa amealika mwalimu wa Kifaransa.

Nikasema flash imeharibika. Akasema si kitu, Mirindi ana ya kwake, na yeye ameifuata saison nzima, vipande vyote hadi hiki cha mwisho. Nikasema kichwa kinaniuma. Akasema nilale kidogo, wageni watakuja saa kumi. Nililala nikitazama mabati. Sikuogopa kuchekwa, kuchekwa nimezoea. Niliogopa jambo moja: mtu asiyemuuliza mwingine yeyote kama shati lake ni safi, siku akijua nimemdanganya karibu mwezi mzima, kila siku, atavaa shati gani tena kwa neno langu?

Wakaja. Dorothée alileta mandazi ya moto, Mirindi alivaa koti la kanisani. Mimi nikajificha jikoni na sambusa. Sijawahi kukaanga sambusa taratibu vile.

"Mama Lubna!" Twahiru akaita. "Njo ukae."

"Mwalimu yuko hapo, atakusomea."

"Mwalimu atasoma. Mi nimezoea sauti yako."

Nikaja, nikakaa. Mwanzoni Mungu alinisaidia, maana nusu saa nzima walikuwa wanakimbizana juu ya madaraja, na kukimbia hakuhitaji tafsiri. Halafu avocat, wakili wa familia, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyemsaidia komiseri tangu mwanzo, akaingia ofisini na kuketi. Akasema maneno mengi. Twahiru akanigeuzia sikio. Komiseri alikuwa ameshika karatasi, na mimi, kwa mazoea tu, mdomo ukatangulia.

"Avocat anamuuliza kama ile barua ni ya Khadidja."

Dorothée akaacha kutafuna. "Khadidja ni nani?"

"Si mupishi!" Twahiru akasema kwa furaha. "Mupishi wa jaji. Ule mwenye kitambaa ya maua, alienda kwa dada yake kupumzika."

"Yoo, Papa Lubna." Dorothée akaweka kikombe chini. "Ule mama alikufa. Épisode ya tisa, walimutilia sumu mu chai. Mi nililia mpaka Mirindi akazima télé."

Waturuki peke yao waliendelea kusema. Mirindi alinitazama, akatazama kioo, akanitazama tena. Nilimwona anaelewa. Mwalimu yule, ambaye Dorothée anasema humsahihishia hata sala, akakohoa na kusema, "Wakati mwingine iko version mbili. Ndiyo, inatokeaka."

Nitampenda Mirindi kwa neno lile hadi naingia kaburini. Lakini Twahiru alikuwa ameshageuza uso kwangu.

"Mama Lubna?"

"Tuangalie kwanza," nikasema. "Itaisha."

Wakili alitoka nje, mlango wa gari ukafungwa, injini ikawaka. Twahiru akainua kidole.

"Ndo hiyo."

"Nini?" Mirindi akauliza.

"Motoka. Ni diesel, na injecteur moja, ile inapuliza mafuta, inagonga. Ndo ile ilipita siku jaji aliuawa, kipande ya kwanza. Mama Lubna aliniambia ni motoka ndogo ya mujane wa jaji, mi nikasema moyoni, wanawake na motoka! Lakini ilikuwa hii. Sasa hivi nani ameingia ndani?"

"Avocat," Mirindi akasema.

"Basi ndo ye aliua."

Dorothée akapiga kelele kwamba haiwezekani, avocat alilia mazishini kushinda mjane. Mirindi akasema tungoje. Tukangoja, na baada ya dakika kumi komiseri akamfunga pingu yule mzee mwenye ndevu, na Mirindi akasimama akampigia Twahiru makofi kama vile mume wangu ndiye aliyemkamata. Kwa kitambo kidogo nilisahau hofu yangu. Watu wawili wenye macho wameangalia saison nzima, na aliyemjua muuaji ni fundi wangu.

Filamu ilipoisha ndipo ubishi ulipoanza, na ubishi wa Dorothée hauna mlango wa kutokea. Kilichomuudhi ni mjane wa jaji. Kumbe mjane alijua tangu siku ya kwanza, alimwona wakili akitoka chumbani, akanyamaza vipande vyote ishirini na sita.

"Ule mwanamuke ni mubaya kushinda muuaji," akasema. "Muuaji aliua mara moja. Ye alidanganya kila siku, analala, anaamka, anadanganya."

"Aliogopa," Mirindi akasema. "Angesema, angeuawa naye. Franchement, kwa kweli, we ungefanya nini?"

"Ningesema!"

"We ungesema hata kama hujaulizwa, hiyo najua."

"Na Papa Lubna anasemaje?"

Twahiru alikuwa anazungusha kikombe mikononi. "Mi bado niko nyuma," akasema. "Mwalimu, nisaidie. Komiseri, si kaka ya mupishi?"

Mirindi akasita. "Apana."

"Na harusi ya dereva?"

"Harusi gani?" Dorothée akauliza, akaanza kucheka. "Dereva alifungwa toka épisode ya tatu!" Halafu akaona uso wangu, na kicheko kikamkauka. Twahiru akauliza vingine viwili vitatu, kwa sauti ya upole, kama fundi anavyokagua gari lililoletwa likivuta upande mmoja. Kila jibu lilikuwa hapana. Mwishoni akasema asante, mandazi yalikuwa matamu sana.

Waliondoka kabla ya magharibi. Mlangoni Dorothée alinibana mkono, hakusema kitu, na kwake yeye hiyo ni kazi kubwa.

Nilirudi ndani nikaanza kukusanya vikombe.

"Vipande ishirini na sita," Twahiru akasema.

"Ee."

"Vyote?"

"Cha kwanza nilijaribu. Yale maandishi yanakimbia, Baba Lubna. Nilikuwa nasoma, yanakimbia." Kisha hasira zangu zikaniokoa kidogo, kama kawaida yao. "Na wewe ulicheka! Ungenuna ningeacha. Nani alikuambia ucheke?"

Hakucheka. Nje watoto walikuwa wanaitwa waingie.

"Ile karatasi ya daktari," akasema.

Nilijua litakuja, na bado lilinikata. Nikaweka sinia chini kwa kishindo. "Unafikiri naweza kukudanganya mpaka huko? Kwa macho yako? Mimi?"

Ndipo nikamtazama vizuri, maana tangu wageni waondoke nilikuwa nakwepa uso wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameinama mbele, viganja wazi juu ya magoti, vile alivyokuwa akiinamia injini ambayo mafundi wote wameshasema imekufa, naye anasema ngojeni, tuwashe mara moja ya mwisho.

"Labda ulisoma haraka," akasema. "Labda na ile ilikukimbia. Si unaona, filamu nzima haikuwa vile ulisema. Labda daktari aliandika kitu ingine."

Ewe Mola. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuitwa muongo, na mume wangu alikuwa ananiomba niwe muongo.

Nitasema ukweli: nilitaka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilimweka Khadidja hai vipande kumi na saba baada ya jeneza. Nisingeshindwa kumpa Twahiru macho hadi kesho asubuhi. Labda nilikosea, ningesema, tutauliza tena. Angelala na furaha. Angeamka, angevaa shati, angetaka twende kwa daktari.

Nilipiga magoti mbele yake, nikashika vile viganja.

"Karatasi haikimbii, Baba Lubna," nikasema. "Ilikaa. Niliisoma pale pale hospitali, nikaisoma njiani, nikaisoma mlangoni kabla sijaingia. Mara tatu niliisoma, nikitafuta kitu kingine. Iko vile nilikuambia."

Vidole vyake havikuondoka. Vilikuwa baridi.

"Nimuite Mirindi?" nikauliza. "Iko kwenye kopo. Aje akusomee yeye."

Alifikiri. Nilisikia adhana ya magharibi ikianza, ikaenda hadi katikati, naye bado anafikiri.

"Apana," akasema. "We umesema."

Nilimmiminia maji akatawadha. Aliswali akiwa ameketi, na alikaa kwenye sijida ya mwisho muda mrefu kuliko siku zote. Mimi nilisimama nyuma yake na taulo, nikalia bila sauti, huo ni ufundi wangu mwingine.

Kesho yake, baada ya alasiri, alikwenda akipapasa ukuta hadi kwenye kiti chake, akaketi kuelekea televisheni. Nilimwambia nimeshaongea na Mirindi. Amekubali kuja kila siku amsomee filamu, neno kwa neno, maana ni mwalimu na ana sauti nzuri.

"Mirindi anasoma vizuri," Twahiru akasema. "Lakini kwake Khadidja alikufa."

Nikafuta kioo cha televisheni, ambacho hakikuwa na vumbi.

"Sikia, Mama Lubna. Ndani ya télé, sema vile unataka. Oza watu, fufua watu, hiyo ni yako. Nje ya télé, unipe vile iko. Hata kama ni mubaya. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Akatega sikio. Fundi yule, pua yangu ikibadilika kidogo tu anasikia. "Unalia?"

Siku zote swali hilo nalijibu kwamba ni moshi, ni kitunguu, ni mafua. Miaka miwili nimekuwa na mafua.

"Ee," nikasema. "Nalia."

"Sawa." Akanyoosha mkono hewani hadi akaupata wangu, akanivuta nikae. "Sasa weka kipande ya kwanza. Toka mwanzo. Khadidja yuko?"

Nikabonyeza. Nyumba kubwa ya jaji ikatokea, gari likapita, mlango ukafunguliwa, na yule mwanamke mnene akasimama pale na kitambaa chake cha maua, mzima kabisa.

"Yuko," nikamwambia.